Das Boot, toleo refu: uzoefu wangu wa saa tatu na nusu ndani ya nyambizi

Nimetazama filamu nyingi za vita vya baharini, na kwa miaka mingi niliamini kwamba uhondo wake umo katika mizinga na meli zinazozama. Das Boot, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, imenibadilisha. Nilinunua diski ya toleo refu lililotolewa mwaka 1997, ambalo linakaribia saa tatu na nusu ilhali lile la sinema lilikuwa na dakika 149, nikalimaliza kwa usiku mmoja.

Kisa ni chepesi kusimulia: mwaka 1941 nyambizi U-96 inaondoka La Rochelle, Ufaransa, kuwinda misafara ya meli za Waingereza katika Atlantiki, ikiwa chini ya nahodha anayeigizwa na Jürgen Prochnow. Soseji na mikate vinaning'inia kila mahali, na watu wapatao hamsini wanagombea choo kimoja kwa sababu cha pili kimegeuzwa stoo ya chakula. Kwa muda mrefu hakuna adui. Wapo tu wanaume wanaofuga ndevu, wanaotaniana na kungoja. Wengine watachoka hapo, lakini bila kungoja huko yanayofuata yasingeuma.

Vita inapofika, husikika kabla ya kuonekana. Baharia mwenye vipokea sauti masikioni ananong'ona kwamba manowari inakaribia, na wenzake wote wanainua macho juu kana kwamba wataona kitu kupitia chuma, wala hakuna anayethubutu kukohoa. Chombo kinaposhuka kupita kina kinachoweza kustahimili, chuma kinalia na boliti zinafyatuka kama risasi. Mpiga picha Jost Vacano alikimbia na kamera ndogo katika ujia ule mwembamba, hata nikajikuta nainamisha kichwa kila alipopenya kwenye mlango wa duara. Itazame kwa spika nzuri. Mara ya kwanza nilitegemea spika za televisheni, nikalazimika kuirudia.

Tukio lisilonitoka ni la meli ya mafuta inayowaka usiku. Nahodha wa nyambizi anadhani mabaharia wa meli hiyo wameshaokolewa, kumbe bado wamo. Wanajirusha majini na kuogelea kuelekea nyambizi, naye anaamuru chombo kirudi nyuma. Filamu haimtetei wala haimlaani.

Ninachokilalamikia ni kwamba karibu kila baharia anaonyeshwa kuwa hajali siasa ya Hitler, isipokuwa afisa mmoja, jambo linalomrahisishia mtazamaji kuwapenda. Diski yangu nayo ina kasoro: maandishi ya tafsiri ni meupe, yanapotea kila povu la bahari linapojaa kwenye skrini. Hata hivyo niliiacha sauti ya Kijerumani, kwa kuwa katika ile ya Kiingereza mnong'ono wa yule msikilizaji unasikika kama wa mtu aliyeketi studio.