Sensa za rivasi kwenye IST yangu: uzoefu wa miezi kumi na moja

Kwa miaka mingi sensa yangu ya rivasi ilikuwa mtu yeyote aliyesimama karibu. Dar hukosi. Ukiingiza tu gia ya nyuma, anachomoza kijana usiyemjua, anaanza kupunga mkono: "Njoo... njoo... njoo tu, bado... njoo... hapo hapo!" Shida ni kwamba hiyo "hapo hapo" huwa inafika pamoja na kishindo. Mimi niliitwa "njoo" mpaka kwenye nguzo ya geti la jirani yangu hapa Segerea. Taa ya nyuma kushoto ikapasuka, bampa ikabonyea. Taa ya mtumba peke yake ilikula elfu sitini, na wakati naokota vipande yule kijana alishaondoka zake.

Ndipo nikaamua kufunga sensa, vile vidude vya kwenye bampa ya nyuma vinavyolia gari likikaribia kitu. Mama nilipomwambia, akauliza kwani ile ya 2022 haikutosha. Kwake sensa ni moja tu, ya karani kugonga mlango na kuuliza mmelala watu wangapi.

Seti niliinunua Kariakoo, upande wa Gerezani. Muuzaji alianzia elfu sabini, tukamalizana kwa elfu arobaini na tano. Ndani ya boksi mna sensa nne nyeusi za duara, kila moja ndogo kidogo kuliko kizibo cha soda. Kuna kiboksi cha plastiki ambacho ndicho ubongo wenyewe, kiskrini chenye namba na mistari ya rangi, waya mwekundu na mweusi wa umeme, na msumeno mdogo wa duara wa milimita 22 unaofungwa kwenye drili ili kutoboa bampa. Gari langu ni la rangi ya fedha, yeye alikuwa na nyeusi tu. Kwa mbali zinaonekana kama matundu ya risasi. Nimeshazoea.

Kosa langu lilikuwa kukubali fundi wa pale pale nje ya duka. Elfu ishirini na tano, dakika arobaini, unaondoka. Hakushika futi hata mara moja, alipima kwa kiganja: kiganja kimoja kutoka kona, viganja viwili katikati, weka alama kwa peni, toboa. Drili ilipozama kwenye bampa niligeuka pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Akamaliza, akaniambia nikae kwenye usukani niingize rivasi. Ikalia pii-pii-pii, namba zikaonekana, wapita njia wawili wakasimama kuangalia. "Kazi imeisha, bosi."

Nikashika Uhuru kurudi nyumbani. Taa za kwanza nikakanyaga breki: pii. Nikaachia, kimya. Nikakanyaga tena: pii, pii. Kufika foleni ya Buguruni ikawa vurugu. Kila nikisimama, kiskrini kinaanza kunisomea bodaboda walioko mgongoni kwangu. Huyu mita 1.2. Huyu 0.8. Mmoja akasogea kutafuta upenyo, 0.6, 0.4, kisha mlio mmoja mrefu usiokatika mpaka alipopita ubavuni na kunitazama kama mimi ndiye niliyekuwa namzomea. Siku ya pili nilikuwa na mke wangu garini. Alivumilia mpaka Tabata Relini, akaniuliza, "Baba Salma, hii gari inamlilia nani?"

Kumbe fundi aliunga waya mwekundu kwenye waya wa taa ya breki badala ya ule wa taa ya rivasi. Na jaribio lake lilifaulu kwa sababu rahisi tu: gari la otomatiki huwezi kulitoa kwenye P, gia ya kuegesha, bila kukanyaga breki. Mguu ulikuwa kwenye breki, umeme ukafika, sensa zikalia, sote tukafurahi. Nyumbani nikirudi nyuma kwa kuachia breki gari litambae lenyewe, zinanyamaza. Zinalia nimesimama, zinakaa kimya natembea. Kama unakwenda kufunga, hilo ndilo jaribio la kumwomba fundi: aweke rivasi, kisha uachie breki kabisa, mtu mmoja akiwa amesimama pembeni, si nyuma ya gari.

Fundi wa pili ni fundi umeme wa magari hapa Tabata, anafanyia kazi chini ya mwembe. Huyu sikumwelekeza kitu. Alifungua buti, akabandua karpeti ya ubavuni, akaweka swichi bila kuwasha injini, handibreki juu, gia kwenye R. Kisha akachukua kile kibalbu chao chenye ncha kama sindano, akawa anagusa waya mmoja mmoja. Unaowaka gia ikiwa kwenye R na kuzima ukitoa, ndio huo huo. Alipoona jinsi mwenzake alivyounga, yaani waya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, alicheka puani. Akakata, akachuna upya, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha, akavisha kile kimpira kinachosinyaa kwa moto. Waya mweusi aliufunga kwenye bolti ya bodi baada ya kuikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana. Waya wa sensa aliupitisha kwenye kizibo cha mpira sakafuni kwa buti, akatoboa tundu dogo la kuubana, ili maji yasifuate njia hiyo hiyo kuingia ndani.

Halafu akashusha bampa, na hapo nikajifunza jambo ambalo karatasi ya maelekezo ilikuwa imeandika na mimi sikuisoma. Nyuma ya kila sensa kuna mshale na neno UP. Sensa ya tatu ilikuwa kichwa chini. Sauti inayotoka kwenye sensa hizi haisambai sawa pande zote. Inatanuka sana kwa upana, lakini juu na chini inabaki nyembamba, na imeinuliwa kidogo ili isigonge ardhi. Ukiigeuza inatazama chini, na kila kokoto inakuwa ukuta. Vilevile plagi za A na D, yaani za sensa mbili za pembeni, zilikuwa zimebadilishana, kwa hiyo kitu kikiwa kushoto, kiskrini kinaonyesha kulia. Vyote hivyo alivirekebisha kwa elfu ishirini.

Asichoweza kurekebisha ni urefu. Maelekezo yanataka sensa ziwe sentimita 50 hadi 70 kutoka ardhini. Zangu tulipima, ziko 46. Bampa ikishatobolewa imetobolewa. Siku za kawaida sioni tofauti, ila Desemba tulirudi kutoka Kyela na gunia la mchele, mikungu ya ndizi na watu wanne, nyuma ya gari imekaa chini kama bata. Kila nikirudi nyuma kwenye kimwinuko zinalia, hakuna kitu. Zinaisoma ardhi.

Kuna jioni moja nilikaa uani na futi, Salma akinisomea namba, nikataka kujua hasa zinaona nini. Kwanza niseme zinavyofanya kazi, maana ndiyo inayoeleza matokeo. Kila sensa inapiga sauti ya mawimbi kama 40,000 kwa sekunde. Sikio la mtu linaishia kama 20,000, kwa hiyo wewe husikii kitu. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi, na kiboksi kinapima muda. Sauti hewani inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita moja nyuma unajibu ndani ya kama sehemu sita kati ya elfu moja za sekunde. Kitu kisichorudisha sauti vizuri, kwake hakipo.

Ukuta wa geti ulionekana kuanzia mita 1.9, ingawa boksi linajisifu 2.5. Kuanzia sentimita 30 mlio unakuwa mmoja mfululizo na namba inakuwa sifuri, hapo simama. Gari lingine, mtungi mkubwa wa gesi, mtu mzima, vyote safi. Ndoo ya lita ishirini ilinishangaza: ilionekana kwenye mita moja na kitu, nikasogea, mlio ukaongezeka, nikasogea zaidi, ukakatika. Ndoo haikuondoka. Imeingia chini ya upeo wa sensa. Huo ndio wakati mtu anasema "aa, kumbe hakuna kitu" na kuikanyaga. Sasa nikisikia mlio umeanza kisha ukapotea ghafla, nashuka kuangalia. Mti wa ufagio uliosimamishwa wima haukuonekana mpaka ukawa karibu sentimita 40. Kanga zilizoanikwa zikining'inia hadi usawa wa bampa, karibu hazikuonekana kabisa, kitambaa kinaimeza sauti. Kwa hiyo mtoto aliyeinama, au baiskeli ndogo iliyolazwa chini, usikabidhi kwa sensa. Mimi bado nazunguka nyuma ya gari kabla sijapanda.

Na mtaro. Hapa ndipo watu wa Dar tusikilizane. Sensa inaona kilichosimama, shimo halisimami. Mwezi wa tatu tangu nifunge nilikuwa naegesha Sinza usiku, kando ya mtaro usio na mfuniko. Nyuma yangu hakuna ukuta, hakuna gari, kiskrini cheupe, kimya kabisa. Nikajiona mjanja. Tairi la nyuma kulia likazama, gari likakaa na tumbo. Vijana wanne wa bodaboda walikuja kulinyanyua, IST haina uzito wa kutisha. Mmoja wakati anashika bampa akavigusa vile vidude kwa kidole: "Bosi, na hizi sensa vipi?" Sikuwa na jibu, niliwapa ya soda.

Mambo madogo madogo. Kiskrini wengi wanakiweka kwenye dashibodi. Mimi nilimwambia fundi akibandike nyuma, juu ya kioo cha buti, kwa sababu nikirudi nyuma nageuza shingo na ndiko macho yaliko. Waya wake ukawa mfupi wa kupitisha, hatukufungua plastiki za milangoni. Kila ukitoka P kwenda D unapita R, kwa hiyo zinatoa kimlio kifupi, si ubovu. Masika tope la Segerea likikauka juu ya sensa zinaanza kulia ovyo, unapitisha kitambaa basi. Kwenye kuosha gari mwambie kijana asisogeze bomba la presha pale pale kwenye sensa. Na ukipeleka bampa kwa fundi rangi, zichomolewe kwanza. Rangi nzito juu ya uso wa sensa ni kama kumziba mtu masikio.

Mwezi wa tisa sensa ya B ilikufa. Kuijua ni rahisi: weka rivasi, swichi imewashwa, injini imezimwa, handibreki imeshikwa, kisha nenda nyuma uweke ncha ya kidole juu ya kila sensa. Iliyo hai inatikisika kwa mbali, kama saa ya mkononi inayogonga. Ya B ilikuwa kimya kama jiwe. Nikarudi Kariakoo nikitaka sensa moja tu, haiuzwi. Seti nyingine zina plagi zenye umbo tofauti, na nyingine matundu yake si ya 22. Bahati boksi nilikuwa nimelitunza, nikazunguka nalo mkononi mpaka duka la nne, nikapata seti ile ile kwa elfu arobaini. Kuchomoa ya zamani na kusukuma mpya ilikuwa kazi ya robo saa, niliifanya mwenyewe. Sasa nina tatu za akiba kwenye droo, pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo safari hii nimeisoma.

Kwa ukuta, geti na magari ya jirani kwenye maegesho yaliyobanana, zimenilipa. Tangu zile siku mbili za bodaboda ziishe sijagusa kitu chochote nyuma, na kwa kichochoro chetu hiyo si kidogo. Gharama yote, ukijumlisha fundi wa kwanza, wa pili na seti ya pili, ni laki moja na elfu thelathini. Ningeanza na fundi wa mwembe ingekuwa pungufu.

Shemeji yangu naye anataka kwenye Noah yake. Nimempa namba ya fundi na futi yangu, nikamwambia bampa isitobolewe mpaka yeye mwenyewe aone hamsini na kitu. Jana amenipigia anauliza kama anaweza kutumia zile tatu zangu za akiba na kununua moja tu.