Presha kuka ya umeme: jiko zuri ila kubalianeni kwanza LUKU ya nani

Haya wadau, naona wengi wanaulizia haya majiko ya presha ya umeme tangu serikali ianze kupigia debe nishati safi. Sisi nyumbani tunalo la lita 6, wati 1,000, tulilichukua Kariakoo, kampuni sitaji maana ukweli mengi yanafanana, tofauti stika tu ya mbele.

Nianze na maharage maana ndo yaliyotununulisha. Yale ya njano, kilo kasoro, wala hujaloweka, unatia maji, unafunga mfuniko, unageuza kile kidude cha juu kisitoe mvuke, unabonyeza unaenda kuangalia mpira. Ndani ya saa moja, ukijumlisha na muda wa kupanda presha, yameiva mpaka yanapasuka. Kwa mkaa hapo ni saa mbili na zaidi na kupepea juu. Mita niliiangalia mwenyewe kabla na baada, haikula hata nusu uniti, na nusu uniti kwa bei ya T1, yani ile ya kawaida ya majumbani, ukiweka VAT na makato yote ni kama shilingi 180, wakati kopo la mkaa huku kwetu ni buku jero mpaka buku mbili na kopo moja halikutoshi kwa maharage na ugali. Watu wanaona wati 1,000 wanaogopa, ila lile dude likishafika presha linajikata lenyewe, linawaka tena kidogokidogo kushikilia joto, limefungwa kila upande kama chupa ya chai.

Makande safi, utumbo safi, kongoro ndo usiseme. Wali unaiva ila ukizidisha maji kidogo tu umepika bokoboko. Ugali sahau, chapati sahau, kwahiyo mtungi wa gesi bado upo pembeni na msijidanganye kwamba mtautoa.

Sasa kwenye ndoa ndo kuna kipengele. Kwetu, na nadhani kwa wengi, mkaa unatoka kwenye hela ya matumizi anayoachiwa mama asubuhi, LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, ni ya baba. Jiko lilipoingia mkaa ukaisha kabisa, hela ya matumizi ikabaki palepale, LUKU ikaanza kukata kabla ya tarehe zake. Nikauliza kiustaarabu. Nikajibiwa, "Baba Rehema si wewe ulikuwa unalalamika mkaa unakumaliza? Haya, mkaa hakuna. Na umeme tena nisitumie?" Nikanyamaza. Kumbe ile ya mkaa imeshapata kazi nyingine, inaenda kwenye mchezo wa kina mama pale mtaani, na kusema ukweli siwezi kumlaumu, ule moshi miaka yote alikuwa anauvuta yeye, mimi nilikuwa naukuta umeshageuka harufu ya chakula. Tulivutana hapo, mwisho tukakubaliana LUKU ya kwanza ya mwezi ni yangu, ikikata kabla ya tarehe 20 ni yake. Tangu siku hiyo taa ya koridoni haisahauliki tena ikiwaka.

Ndo maana nikisikia hotuba za nishati safi nacheka kidogo. Mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, mama Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa ule mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika uliofanyika Paris Mei 2024, mitungi ya gesi imegawiwa kila kona (kujaza ukiisha unajijua mwenyewe), yote sawa. Habari za misitu na mapafu nazisikia sana. Ila uniti za kupikia zinatoka mfuko wa nani ndani ya nyumba sijawahi kusikia mheshimiwa anagusia, na hapo ndo jiko linapobaki kwenye boksi juu ya kabati.

Halafu kuna hii ya D1, bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo. Jirani yetu yuko D1, buku anapata uniti 8, mkewe jiko kalikataa katakata na hesabu zake ziko sawa kabisa. D1 mwisho wake uniti 75 kwa mwezi. Wana friji kadogo, tivii, pasi, wanacheza kwenye 60 hivi, sasa ongeza kupika kwa umeme kila siku wanapita, na wakishahamishiwa T1 buku hiyohiyo inatoa uniti chini ya 3, yani taa na friji navyo vinapanda bei kwa sababu ya maharage. Kwangu mimi hiyo 75 ilitakiwa isogezwe kwanza ndo watu wahamasishwe. Umeme wenyewe tunaambiwa upo, bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sio kama ule mgao wa 2023, basi mtu wa chini naye aachiwe nafasi ya kuupikia.

Kwa wanaonunua: usichomeke kwenye ekstensheni ya buku tano, chomeka soketi ya ukutani. Umeme ukikatika katikati usifungue, ile presha inaendelea kuivisha kwa muda, ukirudi unaangalia kama linahitaji kubonyezwa upya. Ule mpira wa kwenye mfuniko unanuka ukipika utumbo, uvue uoshe kila mara. Na nunua wa akiba siku hiyohiyo, sisi tulivyourudia dukani tukaambiwa mpira peke yake hauuzwi, tuchukue jiko jipya, tukaupata kwa fundi wa vyombo wa barazani kwa elfu tatu.