Bando la usiku, maoni ya mtu wa Kigoma: kompyuta inalipenda, mtu linammaliza

Naanza na mazuri yake nisije nikaonekana nina chuki na mtu. Bando la usiku, hili linaloanza saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa sasa ndo njia pekee ya mtu wa kipato cha kawaida hapa Mwanga, Kigoma mjini, kupata GB za maana bila kuuza kuku. Mtandao siutaji, maana karibu yote ina kitu cha namna hii, tofauti ni jina na menyu tu. Mi nina steshenari, kazi yangu ni kushusha mitihani ya nyuma ya fomu foo, fomu za kuomba vyuo, apdeti za kompyuta, video za masomo ambazo walimu wananiagiza niwawekee kwenye fleshi, na mchana hivyo vitu vinakula vocha mpaka unajiuliza hii ofisi ni yako au ya kampuni ya simu.

Spidi pia haina ubishi. Jioni hapa mjini, watu wakishatoka kazini mpaka saa nne saa tano hivi, netiweki inakuwa nzito, unaangalia kaduara kanazunguka tu. Ikifika saa saba inafunguka. Na hapo ndo utaelewa kwa nini wanauza rahisi: mnara ni uleule, mitambo inawaka usiku kucha iwe mko watu elfu au mko kumi, kwa hiyo nafasi inayobaki bora waiuze bei ya kutupa kuliko ipotee bure. Hata mama wa samaki pale Kibirizi jua likianza kuwa kali anashusha bei. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni kwamba nafasi iliyobaki wazi kwenye mnara ndo saa zilezile mwili wa mtu umezitenga kwa kulala. Kwa kompyuta yangu hamna shida yoyote, naipanga ianze kushusha yenyewe saa sita na nusu, nafunga ofisi naenda zangu nyumbani Katubuka, asubuhi nakuta mafaili yote yamekaa yananisubiri. Ila wateja wengi wa hili bando sio kompyuta jamani, ni vijana wamelala chali simu iko juu ya pua.

Kuna vitu tangazo halisemi. Bando linaanza saa sita, sawa, lakini aliyenunua hawezi kulala saa nne halafu aamke saa sita, anaogopa kupitiliza, so anakaa macho anasubiri, zile saa mbili anazimalizia kwenye wasapu na vimabaki vya bando la mchana. Kwa hiyo wewe umeuziwa saa tano ila usingizi umekatwa saa saba. Halafu kuna ile ya kuungua. Saa kumi na moja ikifika kilichobaki kinafutwa, hakihamii kesho, sasa mtu yuko saa tisa usiku, macho yanawasha, kabakiza GB mbili, badala ya kuweka simu chini anatafuta cha kuzimalizia nazo, anaishia kuangalia watu wanaosafisha mazulia nchi za watu huko. Hakuna alichokuwa anakitafuta, ila kalipia, roho inauma kuacha.

Na app zenyewe hazimsaidii. Zamani ukifika chini ya ukurasa unabonyeza ili uende mbele, na pale kwenye kubonyeza angalau akili ilikuwa inapata nafasi ya kujiuliza. Mwaka 2006 jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Aza Raskin akabuni ule mtindo wa kuteleza bila mwisho, na baadaye mwenyewe amesema hadharani kwamba dhamiri inamsuta. Mwaka 2017 Reed Hastings, bosi wa Netflix kipindi hicho, akawaambia wawekezaji kuwa wanashindana na usingizi. Yaani kasema wazi kabisa anakuja kuchukua nini, na sisi huku tunamlipia nauli kwa bando.

Kuna kundi linajiona janja, linalala saa tatu linaweka alamu saa tisa ili litumie mpaka kumi na moja. Ni afadhali kuliko anayekesha, nakubali, kwa sababu ule usingizi mzito unakuja zaidi mwanzoni mwa usiku na hawa wanaupata. Tatizo usingizi wa ndoto umejazana huku mwishoni, kuelekea asubuhi, na huo ndo wataalamu wanauhusisha na akili kutuliza mambo ya hisia. Ukiwa unaukata kila siku unakuwa mtu wa kuchukia vitu vidogo. Kijana ninayefanya naye kazi, akiwa kwenye wiki zake za bando, ukimwambia tu karatasi zimeisha kwenye printa ananijibu hovyo mbele ya mteja, wiki akilala vizuri ni mtu mwingine kabisa unatamani umuongeze mshahara.

Sasa sisi wa Kigoma tuna la kwetu ambalo watu wa Dar hawana. Nchi nzima tunatumia saa moja, ila huku tuko magharibi mwisho kabisa, jua linachelewa kama dakika arobaini hivi nyuma ya Dar, linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja usiku. Mwili unafuata jua, haufuati saa ya ukutani. Usiku wa manane wa mwili wako hapa ni karibu saa saba, wakati kengele ya shule na saa ya ofisi za serikali vinafuata saa ya Dar. Kwa hiyo mtu wa huku tayari anaamshwa mapema kuliko mwili unavyotaka, kabla hata hajanunua bando lolote. Ukimaliza saa kumi na moja nje ni giza totoro, unajilaza kidogo, usingizi ndo unanoga, mama anagonga mlango. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa siku, mwanafunzi wa sekondari saa nane mpaka kumi, hebu zitafute hizo saa hapo uone kama utazipata.

Watu wananiambia dawa ni kuweka kioo cha simu rangi ya njano. Hapana bwana. Ni kweli mwanga wa simu unazuia melatonini, ile homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, na kuna utafiti wa Marekani wa 2014 waliwapa watu 12 wasome kwenye kioo kabla ya kulala, usiku mwingine wasome kitabu cha karatasi, waliosoma kwenye kioo melatonini ilipungua na asubuhi walikuwa wazito zaidi. Lakini kulala kwenyewe walichelewa kama dakika kumi tu. Kumi! Na hao walikuwa wanasoma kimyakimya. Huyu wa kwetu yuko kwenye kindege, ule mchezo wa kubeti mtandaoni, anafukuzia hela aliyoliwa, au anagombana na mtu kwenye komenti kuhusu Simba na Yanga, moyo unamdunda, rangi ya njano itamsaidia nini.

Nisieleweke vibaya, anayekesha na simu siku mbili tatu sio mgonjwa. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alichapisha maswali nane ya kupima hili jambo, aliyatoa kwenye vipimo vya uraibu wa kamari, ukijibu ndiyo matano unatakiwa kujiangalia. Mle kuna kama umejaribu kupunguza ukashindwa, kama unadanganya watu kuhusu muda unaotumia, kama unaingia mtandaoni ili kukimbia mawazo. Shirika la Afya Duniani lenyewe halijaweka intaneti yote kwenye orodha ya magonjwa, limeweka uraibu wa magemu na wa kamari, ikiwemo ya mtandaoni, kwenye toleo lililoanza kutumika 2022, na hapo wanaangalia kwa kawaida miezi 12 ya mtu kushindwa kujizuia huku maisha yanaharibika.

Lile swali la kukimbia mawazo ndo la kulitazama sana. Mpwa wangu yupo Gungu, fomu foo, dada alikuwa analia na hilo bando kwamba limemharibia mtoto, nikaenda kuongea naye taratibu, kumbe usingizi ulikatika kabla, hofu ya mtihani ilikuwa inamuamsha saa nane yuko macho anatazama dari, simu akaichukua asiwe peke yake. Kisha simu nayo ikamnyima hata ule usingizi kidogo, mawazo yakazidi, mzunguko ukakamilika. Ukimnyang'anya simu mtoto wa hivyo ukadhani umemaliza, umemuacha na dari. Tulianza na mwalimu wake wa ushauri ndo mambo ya simu yakafuata.

Halafu usiniambie mbona wavuvi wa dagaa wanakesha. Mvuvi anakesha na taa ziwani, asubuhi anashusha mzigo Katonga, anapata chake, analala mchana na hakuna anayemsumbua, na mbalamwezi ikiwa kali hawaendi kabisa, mwezi mzima hauishi bila kupumzika. Bando halina mbalamwezi.

Kama unalitaka, litumie hivi: kuna programu za kushusha zenye sehemu ya kupanga muda, panga, simu iache sebuleni kwenye chaji, video uangalie kesho yake saa mbili usiku bila bando. Alamu nunua saa ya mezani, sokoni Mwanga zipo za kawaida tu, maana kisingizio cha “naitumia kuamkia” ndo kinachoirudisha simu kitandani. Na kampuni, kama mnasoma, ruhusuni kilichobaki kihamie wikiendi mchana, hata nusu yake, muone watu watakavyolala.

Nyota: nne kwa wenye kompyuta na kazi ya kushusha mafaili, moja kwa anayelitumia kwa mkono. Ile nyota ya tano nimeitoa kwa sababu ya kujirudia lenyewe, ukishajiunga mara moja linakata salio kila usiku bila kukuuliza, kulitoa mpaka uingie kwenye menyu ndani kabisa, nenda mpaka mwisho pale palipoandikwa “huduma zangu”, usikubali ile ujumbe wa “umefanikiwa” wa kwanza, rudi uangalie tena kama kweli limetoka.