Queen Rock Montreal: Freddie hana tatizo, tatizo ni kamera

Nianze na alama za filamu hii ya tamasha la Queen, bendi ya roki ya Uingereza; asiye na muda aishie hapa. Muziki: tano kati ya tano. Usafi wa picha: tano. Upigaji picha na uhariri: mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma. Pengo hilo la alama ndilo linalowagombanisha mashabiki. Mmoja anaapa hajawahi kumsikia Freddie Mercury akiimba vizuri hivi jukwaani, mwingine anasema aliizima baada ya nusu saa kwa kuchoka kutazama kidevu cha mtu. Wote wanasema kweli, ila mmoja anazungumzia sauti na mwenzake anazungumzia kamera.

Kwa asiyeijua: tamasha lilirekodiwa siku mbili mfululizo, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, ndani ya Montreal Forum nchini Kanada, ukumbi uliokuwa wa timu ya hoki ya barafu ya Canadiens. Mwongozaji ni Saul Swimmer. Ilitoka kwanza mwaka 1982 kwa jina la We Will Rock You, ikazunguka miaka mingi kwenye kanda na diski za ubora wa kusikitisha, mpaka mwaka 2007 Queen wenyewe walipoichukua na kuitoa upya kwa jina la sasa. Januari 2024 ikapelekwa kwenye kumbi za IMAX, zile sinema za kioo kikubwa mno, na Mei mwaka huohuo ikatoka diski ya 4K, yaani ya picha yenye undani zaidi. Kama malalamiko unayoyasoma ni ya picha yenye ukungu na sauti ya kopo, huyo anazungumzia matoleo ya kabla ya 2007, mpuuze. Muda ni saa moja na nusu na ushee.

Swali linalojirudia ni hili: inakuwaje tamasha la 1981 lionekane safi kuliko lile la Queen kwenye uwanja wa Wembley, London, la Julai 1986? Jibu ni malighafi. Wembley ilichukuliwa kwa kamera za televisheni kwenye kanda ya video, na picha ya mfumo ule wa Ulaya ina mistari 576 basi. Ukiikuza, mistari haiongezeki. Mashine inakisia tu cha kujaza katikati. Montreal ilipigwa kwenye filamu ya milimita 35. Filamu haina mistari, ina chembe, na ukiipitisha upya kwenye skana ya leo unavuna undani ambao mwaka 1981 hakuna televisheni iliyoweza kuuonyesha. Kwenye 4K unaliona jasho likikusanyika kwenye masharubu ya Freddie kabla halijadondoka. Kwa hiyo chembe ndogondogo zinazocheza kwenye giza nyuma ya jukwaa si uchafu, ndiyo picha yenyewe. Ukiwasha kipengele cha televisheni cha kupunguza chembe, nyuso zote zinageuka nta.

Sasa lawama kubwa. Kamera zinamng'ang'ania Freddie, tena kwa karibu mno. Anapozunguka jukwaa, miguu inakatwa; anaponyanyua ile nusu ya stendi ya maikrofoni, mkono unatoka nje ya fremu. Kwa mwimbaji wa kawaida ingevumilika. Kwa huyu, ambaye nusu ya kazi anaifanya kwa mabega, kiuno na hatua, ni hasara. John Deacon, mpiga besi, anapita kama mgeni, hata kwenye Another One Bites the Dust ambao ni wimbo alioutunga yeye na besi ndiyo uti wa mgongo wake. Umati nao hauonekani vya kutosha. Unausikia ukipiga makofi, lakini picha za kukuonyesha ukubwa wa ukumbi ni chache, na mtu aliyezoea Wembley, kule unakoona bahari ya mikono, anahisi bendi inapigia ukuta.

Sehemu ya hili inatokana na vifaa vya wakati ule. Rola ya filamu ya milimita 35 yenye urefu wa futi 1,000 inaisha kwa takribani dakika 11 kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Ikiisha, kamera hiyo ni kipofu mpaka ibadilishiwe rola. Wapiga picha wanalazimika kupishana, na ikitokea mbili zimekauka kwa pamoja katikati ya wimbo, mhariri anabaki na kilichopo, kizuri au kibaya. Ndiyo faida ya kurekodi siku mbili: pengo la leo linazibwa na picha za jana. Lakini ukaribu wa kupindukia si kosa la rola. Huo ni uamuzi wa mtu.

Uunganishaji wa siku mbili una gharama yake, nayo ni mdomo. Kuna mahali mdomo unaachana na neno, kisha unarudi. Watu wengi wakiona hivyo wanaanza kuhangaika na mipangilio ya televisheni. Kanuni ni rahisi: hitilafu ya vifaa vyako haiji na kuondoka, inakaa vilevile tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ikitokea kwa mstari mmoja halafu ikapotea, ni picha ya siku moja iliyolazwa juu ya sauti ya siku nyingine, na hakuna kitufe cha kuitibu. Ikiwa imebaki muda wote, basi ni wewe: mara nyingi ni hedifoni au spika ya Bluetooth, ambayo huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250 hivi. Tumia waya, au ingia kwenye mpangilio wa kuoanisha sauti na picha na usogeze kidogokidogo. Pima kwa ngoma ya snea, ile ya mlio mkali wa kukatika, si kwa mdomo. Kijiti kikigusa ngozi na mlio ukaja palepale, umefika.

Umbo la picha ni ugomvi mwingine. Kanda za zamani zilikuwa za umbo la 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu, diski ya 2007 ni ya 16:9, umbo pana la televisheni za leo. Ukichukua picha ya 4:3 ukaijaza kwenye 16:9 bila kuinyoosha, lazima utupe robo ya kimo chake. Kwa filamu yenye picha za karibu tayari, robo hiyo inauma: nywele juu, vidole chini. Ukiona watu wameota mashavu, hilo ni jambo jingine, televisheni yako inanyoosha. Irudishe kwenye umbo halisi.

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo filamu inapolipa deni. Freddie, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alikuwa na miaka 35 na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya miaka ya sabini bila kupoteza makali ya juu. Wapo wanaolalamika kwamba kwenye baadhi ya nyimbo anakwepa noti za studioni na kupita njia ya chini. Ni kweli, na ndivyo alivyofanya kwenye ziara zote. Studioni unaimba mstari mmoja, unakunywa maji, unarudia. Jukwaani una nyimbo zaidi ya ishirini na kesho kuna onyesho jingine. Sikiliza badala yake anavyozibadilisha: kwenye Somebody to Love anachelewesha mwisho wa mstari, anaacha piano itangulie, halafu anaingia nyuma ya mdundo kana kwamba alikuwa akiusubiri. Studioni kwaya ya wimbo huo ni sauti za watu watatu zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Hapa ni watatu walewale bila tabaka: Freddie, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor. Taylor ndiye anayeshika sauti ya juu kabisa huku mikono na miguu yote ikiwa kazini kwenye dramu. Mtazame hapo kamera inapomkumbuka.

Under Pressure ilikuwa mpya kabisa, ilikuwa imetoka Oktoba 1981. David Bowie, aliyeimba nao kwenye rekodi, hayupo, na anayetarajia mvutano wa sauti mbili wa kwenye rekodi atabaki na njaa. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: bendi bado haijauzoea wimbo, inaukanyaga kwa tahadhari, na tahadhari hiyo inaonekana usoni mwa May.

Kuhusu Bohemian Rhapsody, kila mara yupo mtu anayegundua kwamba ile sehemu ya opera ni kanda ya studio na kuona ametapeliwa. Hakuna aliyeficha. Wanaume wanatoka jukwaani, taa zinafanya kazi, kanda inapiga, na sehemu ya roki ikianza wanarudi. Yale matabaka ya sauti ya mwaka 1975 hayawezi kuimbwa na watu watatu wenye ala mikononi, na waliona ni heshima zaidi kuondoka kuliko kusimama wakibwabwaja juu ya kanda. Bendi ngapi za leo zingefanya hivyo?

Kipindi cha ngoma na timpani, zile ngoma kubwa za okestra, kikifuatiwa na gitaa peke yake ndicho kinachowapoteza wageni. Dakika zinakwenda. Ushauri wangu ni usiruke, ila ujue cha kusikiliza. May anatumia vifaa viwili vya mwangwi: anapiga kifungu, kinarudi, anapiga cha pili juu yake kwa noti inayolandana nacho, vinarudi vyote, anaweka cha tatu. Mtu mmoja anajigeuza watatu, na jukwaani kila mwangwi una amplifaya zake. Ukipoteza hesabu, angalia mkono wake wa kulia: ukisikia noti na mkono umetulia, hiyo ni mwangwi. Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake kuanzia mwaka 1963, na anachapia nyuzi kwa sarafu ya Uingereza ya peni sita, ndiyo sababu ya ule mkwaruzo mdogo kabla ya noti kufunguka. Kwenye spika za televisheni mkwaruzo huo haupo.

Spika za televisheni haziwezi kazi hii, nasema bila kupepesa. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde, na spika nyembamba za televisheni huanza kufifia juu sana ya hapo. Nusu ya wanaoandika kwamba besi imefukiwa wanasikiliza kwa spika hizo. Hedifoni ya kawaida yenye waya inatosha kuthibitisha kwamba Deacon yupo, tena yuko mbele.

Mwenye spika mbili achague stereo, sauti ya njia mbili, asichague 5.1, ile ya spika sita zinazomzunguka msikilizaji. Ukichagua 5.1 bila spika za kutosha, kifaa kinazikunja njia sita ziwe mbili kwa fomula yake, na kinachoharibika kwanza ni uwiano wa mwimbaji na umati. Mwenye seti kamili achukue 5.1, asiongeze sauti ya spika za nyuma akidhani ataleta ukumbi sebuleni. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Aliyekaa mita 60 kutoka jukwaani anasikia mdundo umechelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde, anapiga kofi lake hapo, na kofi hilo linachelewa tena kurudi. Fundi anayemiksi hulazimika kuyadhibiti makofi hayo yasiburute wimbo. Ukipandisha spika za nyuma unafumua kazi yake, na wimbo wa We Will Rock You unageuka mvua juu ya mabati.

Mambo mawili zaidi ya kuzima kabla hujabonyeza kitufe cha kucheza. Kwanza, kipengele cha kulainisha mwendo: kinabuni fremu kati ya zile 24 na filamu inageuka tamthilia ya mchana. Kila kampuni inakipa jina lake, kitafute kwenye mipangilio ya picha. Pili, hali ya usiku kwenye sauti, ile inayobana kelele na kunyanyua minong'ono. Love of My Life ni sauti moja na gitaa la akustika, unatakiwa uisogelee. Ikibanwa inakuwa na ukubwa uleule wa Tie Your Mother Down, na hapo ndipo mtu anaandika kwamba tamasha halina mawimbi.

Nani anunue nini? Mwenye diski ya Blu-ray ya 2007 na televisheni ndogo ya inchi 43 anayekaa mita tatu mbali hatapata faida kubwa kwenye 4K, abaki nayo. Tena toleo hilo la 2007 lina May na Taylor wakizungumza juu ya filamu nzima, nzuri kwa mara ya pili. Mwenye kioo kikubwa achukue 4K bila kufikiria. Anayetafuta umati na uwanja atafute Wembley, avumilie mistari 576. Na anayetaka onyesho zima ajue kwamba nyimbo za Flash na The Hero hazimo kwenye filamu. Zimo kwenye CD ya 2007, sauti peke yake, ambako hakuna kamera ya kumkata Freddie miguu.