Darasa la kusahihisha sentensi, Uhindini Mbeya: zuri, ila jua unacholipia

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma aya hii tu kisha mrudi kazini. Darasa la Kiingereza cha GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, linaloendeshwa juu ya duka la steshenari pale Uhindini, Mbeya mjini, ni zuri kuliko bei yake. Lakini tangazo lililobandikwa mlangoni linakuuzia kitu ambacho mtihani wenyewe ulishakitupa. Sifa na lawama zote zinamstahili Mwalimu yule yule, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu.

Mimi ni mhasibu. Kazi zangu nyingi ni za vyama vya wakulima wa kahawa upande wa Mbozi, na ninatafuta nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi. Vyuo vingi ninavyovilenga vinapokea alama za GMAT au za GRE, mtihani mwingine wa kuombea uzamili. Kozi za mtandaoni zipo tele, ila zinalipiwa kwa dola, zinataka kadi, na video zake zinakula bando kama hazina akili nzuri. Niliposikia kuna mwalimu mstaafu wa sekondari hapa hapa mjini anafundisha kwa shilingi elfu themanini kwa mwezi, jioni mbili za katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi, nilikwenda kujiandikisha siku hiyo hiyo.

Kwa asiyeyajua maswali ya kusahihisha sentensi, ambayo ndiyo darasa linafundisha: unapewa sentensi ndefu ya Kiingereza, sehemu yake imepigiwa mstari, na chini yake kuna majibu matano. La kwanza siku zote linarudia maneno yale yale yaliyopigiwa mstari. Mengine manne yanayabadilisha. Wewe unachagua lililo sahihi kisarufi, linalosema kilichokusudiwa, na lisilozungukazunguka. Katika mtihani wa zamani sehemu ya lugha ilikuwa na maswali 36 kwa dakika 65, na haya ya kusahihisha sentensi yalikuwa fungu kubwa humo. Watu waliokuwa hodari wa hesabu ndipo walipokuwa wakiangukia, hasa sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani.

Sasa Mwalimu. Ana kitu sijakiona kwenye video yoyote: anafundisha sarufi ya Kiingereza kwa kutumia Kiswahili chako, si kwa kukikimbia. Kipindi changu cha kwanza aliandika ubaoni: "The basket of eggs from the villages around Tukuyu have fallen off the truck." Akauliza kuna kosa gani. Nusu ya darasa tulikuwa tunatafuta kosa kwenye "off". Akafuta uso kwa leso, akasema, "Haya, niambieni kwa Kiswahili." Mtu wa mbele akajibu: kikapu cha mayai kutoka vijiji vya Tukuyu kimeanguka. "Kimeanguka," akarudia Mwalimu. "Mbona hukusema yameanguka? Mbona hukusema vimeanguka?"

Hakuna Mswahili anayekosea hapo. Ki- ya kikapu inavuka mayai yote na vijiji vyote mpaka inafika kwenye kitenzi, na hata mtoto wa darasa la kwanza anaisikia. Kiingereza hakina alama hiyo, kwa hiyo sikio linadanganywa na nomino iliyo karibu na kitenzi, na watunga mtihani wanalijua hilo vizuri sana. Wanajaza katikati maneno mengi ya wingi ili usahau kiima kilikuwa kimoja. Dawa yake Mwalimu: kabla hujagusa majibu, iseme sentensi kwa Kiswahili, tazama kiambishi cha kitenzi kimetoka kwa nani, kisha rudi. Mwanzoni ni kazi ya polepole. Baada ya muda jicho linaruka lenyewe juu ya yale maneno ya katikati.

Siku nyingine tulikuwa kwenye "The board demanded that the manager leaves." Inasikika vizuri kabisa, si ndiyo? Mwalimu akatuuliza bodi ilidai meneja anafanyaje. Bodi ilidai meneja aondoke. Siyo anaondoka. "Ukisikia Kiswahili chako kimeishia na e," akasema, "Kiingereza kinataka kitenzi kitupu, hiyo s iondoe." Yaani "leave". Kanuni hii nimeisoma kwenye maandishi mengine ikiwa imezungushiwa istilahi ambazo zilinipita. Hapa niliielewa kabla chai haijapoa.

Na hafichi pale Kiswahili kinapokuponza. Nikisema "nikielekea Mwanjelwa, mvua ilininyeshea", hakuna tatizo, kwa sababu ni- ya nikielekea imeshataja nani alikuwa anatembea. Ukiihamisha ilivyo, "Walking to Mwanjelwa, the rain soaked me," umesema mvua ndiyo iliyokuwa inaelekea sokoni. Alichora wingu lenye miguu, limeshika kapu, limevaa na kandambili. Mchoro ule ulikaa ubaoni wiki nzima bila kufutwa, na tangu hapo kila mtu akikosea kwenye kipengele hicho darasa zima linasema "wingu!"

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulijui: sisi shuleni tumesoma Kiingereza cha Uingereza, mtihani huu ni wa Marekani. Mwingereza anakubali "the committee have decided". Kwa Mmarekani kamati ni moja, ni "has", na jibu lenye "have" unalikata bila huruma. Dada mmoja anayefundisha sekondari alibisha karibu nusu kipindi. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Dada yangu, mimi nakubaliana na wewe. Wanaosahihisha wako Marekani."

Kinachomuudhi waziwazi ni zile njia za mkato zinazozagaa: chagua jibu fupi kuliko yote, kata kila jibu lenye "being", kata kila kauli ya kutendwa. Alituletea karatasi nzima ya maswali ambayo jibu fupi linabadilisha maana. Mojawapo lilikuwa la mapato yaliyopanda kwa milioni mbili, na jibu fupi likasema yamepanda hadi milioni mbili. Kwa wenzangu hilo lilikuwa swali la sarufi. Kwangu mimi hiyo ni hoja ya ukaguzi, na mtu anaweza kupoteza kazi.

Mpaka hapo utaona nampa nyota zote. Tatizo ni hili: maswali haya hayapo tena kwenye GMAT.

Toleo jipya la mtihani lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Sasa kuna sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, na uchambuzi wa takwimu 20. Sehemu ya lugha imebaki na ufahamu wa kusoma na kupima hoja, basi. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Insha imeondolewa. Hata jiometri imeondolewa. Ilhali tangazo la mlangoni, kwa herufi nyekundu, bado linaahidi "kumaliza Sentence Correction" kana kwamba ndiyo ngome ya mtihani.

Wenzetu wa mikoani ndio tunaoumizwa zaidi na mambo kama haya, kwa sababu vitabu vinavyotufikia ni vya kutolewa kopi, kopi ya kopi, ukurasa wa mwaka umeshakatika. Kuna njia rahisi ya kujua karatasi uliyonayo ni ya enzi gani: tazama alama. Mtihani wa zamani alama zake za jumla zilianzia 200 hadi 800 na zote ziliishia na sifuri. Wa sasa ni 205 hadi 805 na zote zinaishia na tano. Ukiona kitabu kinakuahidi 700, ujue ni cha zamani, hata kama kopi yenyewe imetoka kwenye mashine leo asubuhi na bado ina joto. Karatasi zetu zote za darasani zilikuwa za sifuri.

Kijana mmoja tuliyekuwa tunakaa naye safu moja alikuwa ameshalipia mtihani, na ada yake inapita dola mia mbili, na kila usiku alikuwa anafanya maswali ya kusahihisha sentensi mpaka macho mekundu. Sehemu ya takwimu hajaigusa. Alikuja kuambiwa na sisi wanafunzi wenzake, tukiwa tunashuka ngazi.

Nilimfuata Mwalimu Jumamosi moja baada ya kipindi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukana. "Najua, binti yangu," akasema. "Tangazo lile ni la zamani. Lakini kijana akiona GMAT anapanda ngazi. Nikiandika 'sarufi', atapanda nani?"

Nilicheka, maana ana ukweli wake. Ila sikuridhika, na nilimwambia. Mtu anayetoa elfu themanini aambiwe kabla hajaandikiwa risiti (ambayo, kwa taarifa yenu, ni ya mkono, mimi mhasibu, nimeiona, naiacha kama ilivyo). Mstari mmoja tu chini ya tangazo ungetosha: maswali haya yameondolewa kwenye GMAT, tunayatumia kufundishia sarufi. Wanaokuja wangekuwa wachache lakini wangejua walichofuata.

Basi nani aende? Kama mtihani wako wa GMAT uko karibu na Kiingereza chako cha kusoma si kibaya, usiende. Muda wako upeleke kwenye kupima hoja na kwenye yale majedwali ya takwimu, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yanayotumaliza. Kama unafanya GRE, nako hakuna kusahihisha sentensi. Kuna kujaza nafasi kwa msamiati, jambo ambalo Mwalimu huligusa juu juu tu. Ila GRE bado ina insha moja ya dakika 30, na hapo darasa hili litakubeba.

Anayefaidika hasa ni mtu wa kuandika. IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kwa mfano: kwenye karatasi ya uandishi sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne, na vyote vina uzito sawa. Barua ya kueleza kwa nini unataka chuo fulani, ripoti kwa mfadhili, mkataba na mnunuzi wa nje, hivyo vyote vinasomwa na mtu ambaye hatakupigia mstari wala kukupa majibu matano. Mimi mwenyewe baada ya somo la "which", lile neno la Kiingereza la kurejelea nomino, nilifungua rasimu ya ripoti ya chama kimoja cha ushirika na kukuta sentensi inayosema, kwa Kiingereza chake, kwamba ghala ndilo lililokopa benki. Mnunuzi angeisoma hivyo hivyo.

Na hata kwa GMAT mpya kuna faida ya pembeni, nisiinyime darasa haki yake. Maswali ya kupima hoja yana sentensi ndefu zilizojaa vishazi, na anayeweza kukipata kiima haraka anabaki na sekunde za kufikiri. Lakini hiyo ni faida ya kupata njiani, si ya kulipia mwezi wa tatu. Mwezi mmoja unatosha, miwili ukiwa na nafasi.

Kuhusu chumba: ni kidogo, viti ni vya plastiki, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo njoo na koti na usione aibu ya kuja na blanketi dogo, wapo wanaokuja nalo. Umeme ukikatika kipindi hakisimami, tunamulika ubao kwa simu. Mama wa chai wa chini ana maandazi ya moto mpaka saa nne asubuhi. Mwalimu anarudisha kazi ulizofanya nyumbani zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu ya kijani, kila mstari, na pembeni anaandika kwa nini. Hilo peke yake wengi wanaotoza mara tatu yake hawalifanyi.

Nimempa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka tangazo libadilishwe, na nimemwahidi kwamba likibadilishwa nitarudi hapa kuiongeza. Ukienda kujiandikisha, mwambie wazi mwanzoni unajiandaa na mtihani gani na tarehe gani, naye atakujibu kweli kama darasa linakufaa. Ukinyamaza naye atanyamaza. Kwa vipindi vya jioni tumia ngazi ya nyuma, upande wa mashine za fotokopi, kwa sababu mlango wa mbele wenye duka wanaufunga saa kumi na moja.