Samaki wa kula Nyanda za Juu Kusini: pa kwenda, pa kupita na pa kuacha

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Dar es Salaam kuja huku ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Kwa hiyo ukikaa mezani ukaletewa orodha ya vyakula imejaa kamba, pweza na changu, kabla hujauliza bei uliza huyo changu katoka baharini lini. Mara nyingi mhudumu atacheka, ataenda jikoni, na hatarudi na jibu.

Samaki wazuri huku wapo, tena wengi, ila ni wa maji baridi. Ziwa Nyasa liko bondeni upande wa Kyela na Ludewa, Rukwa liko upande wa Songwe, Bwawa la Mtera linatenganisha Iringa na Dodoma, na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, inatufikia kwa njia ya Sumbawanga. Nimepanga sehemu hizi kwa kigezo kimoja: umbali ambao samaki amesafiri toka majini hadi kwenye sahani. Viti, muziki na mandhari nimevihesabu baadaye.

Namba moja: Matema, kwa siku yenye sababu

Kama kuna kipaimara, mahafali, miaka ya ndoa, au mkwe anakuja kujitambulisha na mnataka kumpeleka mahali, shukeni Matema. Mnatoka Mbeya kwa Uyole, mnapanda Isongole kwenye ukungu, mnapita Tukuyu, kisha barabara inateremka hadi kwenye joto la Kyela. Makoti mliyovaa asubuhi mtayavua kabla ya Kikusya. Kutoka hapo kuna lami kupitia Ipinda mpaka ziwani, kwa hiyo ile hadithi ya zamani ya kukwama kwenye tope isiwatishe tena.

Ufukwe ni wa mchanga, Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji, na sehemu za kulala na kula zimejipanga kando ya ziwa, nyingine za kanisa la Kilutheri, nyingine za watu binafsi. Tofauti zao ni za vitanda na bei zaidi kuliko za samaki, kwa sababu wote wananunua kwa wavuvi walewale.

Samaki wa kuagiza kwa shughuli ni mbasa. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya fedha na nyama ya ladha kali kidogo kuliko perege, na akichomwa kwa mkaa wa taratibu mafuta yake yenyewe yanamtosha. Wakati wa mvua hupanda mito kwenda kutaga, na hapo ndipo amekuwa akivuliwa kupita kiasi kwenye midomo ya mito, ndiyo maana siku hizi hapatikani kila ukimtaka. Ana miiba midogo mingi ndani ya nyama. Wazee wanaijua, wanamla polepole huku wanaongea. Watoto waagizieni perege, ambaye huku wengi wanamwita gege, mpate kula kwa amani.

Usiende na watu ishirini bila taarifa. Piga simu siku moja au mbili kabla, sema mko wangapi, uliza wanapima kwa kilo au kwa samaki mmoja mmoja, tuma advansi, na uliza kama wali umo kwenye bei. Ukiwa Kyela na ukaletewa mchele usio wa Kyela una haki ya kununa. Mimi mahali napapima kwa mazungumzo kama haya:

"Shikamoo mama. Mbasa yupo?"

"Marahaba mwanangu. Yupo, ila ni wa jana. Wa leo ni perege tu."

"Basi tupe perege, mama."

Akikujibu hivyo, kaa hapo, na mwakani rudi hapo. Anayekwambia kila kitu kipo na vyote ni vya leo, mshukuru utembee mbele kidogo.

Kuhusu majira: Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa na kuna siku mitumbwi haiingii majini kabisa, japo hali ya hewa ni nzuri kwa kukaa ufukweni. Machi hadi Mei Kyela inanyeshewa vibaya. Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka Mbeya nzima inahamia Matema, bei zinapanda na huduma inapwaya. Mimi ningechagua Septemba au Oktoba, wikiendi ya kawaida. Mkiwahi Jumamosi, Lyulilo jirani hapo kuna soko la vyungu vya Wakisi, na chungu cha kupikia samaki ni zawadi bora kuliko fulana. Chandarua hakikisheni kipo kitandani. Kyela ni ya mbu.

Wa Njombe wana upande wao wa ziwa lilelile, Lupingu na Manda huko Ludewa. Samaki ni wa Nyasa vilevile, ila pa kufanyia sherehe ni pachache, kwa hiyo nendeni kwa ajili ya samaki na si kwa ajili ya viti. Samaki wa kufugwa Njombe mjini ni habari nyingine: perege anapenda joto, na kwa baridi ile anakua kwa kusuasua, kwa hiyo msishangae wakiwa wadogo.

Namba mbili: Mtera, kwa wa Iringa na kwa msafiri

Kama unakaa Iringa, Matema ni mbali mno kwa chakula cha mchana. Wewe bwawa lako ni Mtera, kwenye barabara ya Dodoma. Lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, lakini Migoli na vijiji vya jirani vimekuwa vya samaki. Unatoka kwenye baridi ya Iringa, unateremka Isimani, mibuyu inaanza, joto linapanda, na kabla hujafika kwenye tuta la bwawa harufu ya mafuta ya kukaangia imeshaingia dirishani.

Hapa hakuna sherehe, ni kula. Perege amechanjwa mistari kila upande, chumvi na ndimu zimeingia mpaka kwenye mfupa, akatumbukizwa kwenye mafuta mengi mpaka mkia ukawa wa kutafuna kama chipsi. Ukishuka kwenye basi utazungukwa na sinia. Usinunue kwenye sinia la kwanza kwa sababu tu liko karibu. Angalia kama samaki bado anatoa mvuke, au kama ngozi imeshanyauka na kung'aa mafuta yaliyoganda. Huyo amekaangwa asubuhi na pengine amerudishwa kwenye karai mara ya pili. Ukiwa na gari lako, ni bora zaidi: nenda moja kwa moja kwenye karai, chagua mbichi, kaa kwenye benchi usubiri akaangwe mbele yako. Ugali na kachumbari vipo. Wakati wa ukame, maji yakipungua sana, samaki huwa wadogo na bei hazishuki, kwa hiyo msimkaripie mama wa watu.

Kambale wa Mtera naye ni mtamu, hasa mchemsho wenye ndimu na pilipili. Ila kama kwenye msafara kuna Wasabato, kambale msimweke mezani. Hana magamba, hawali. Nimeona mwenyeji ameandaa sufuria zima la kambale kwa wageni wa aina hiyo, ikabidi wale wali na mchicha.

Namba tatu: karai za jioni mjini Mbeya

Kwa siku ya kawaida, baada ya kazi, huna haja ya kwenda popote. Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati na Soweto jioni kuna mama lishe na vijana wa choma wanaouza samaki kwa ugali, ndizi au chipsi. Samaki wengi ni wa Kyela, waliopanda mlima alfajiri, na wengine wa Rukwa. Kwa pesa unayolipa, hii ndiyo thamani bora kuliko zote kwenye orodha hii. Imekaa ya tatu kwa sababu samaki ameshakula saa kadhaa za barabara.

Kanuni ya karai ni kwenda mapema, saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu usiku. Mtazame samaki mbichi kabla hajaingia kwenye mafuta: jicho limejaa au limezama, shavu ukilifunua ni jekundu au limeshakuwa la kijivu, nyama ukiibonyeza inarudi au inabaki na shimo la kidole. Yakiwa mabaya mawili kati ya hayo, agiza maharage. Mafuta meusi yanayotoa moshi nayo ni sababu ya kuhamia benchi la pili.

Usidharau usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Wakikaangwa wakakauka, pamoja na ugali wa moto na pilipili ya kuponda, ni chakula cha kumkalisha mtu kimya. Usipa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa totoro, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa huwa adimu na wanaouzwa ni wa zamani. Ukinunua wakavu wa kupika nyumbani, chagua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa kuanikwa chini utawajua kwenye jino la kwanza, mchanga hausemi uongo.

Migebuka ya Tanganyika, mikavu na ya kuchomwa, inapatikana Sumbawanga na Tunduma na inafika mpaka Mbeya. Ni ya kununua na kupika rosti, si ya kwenda kulia mgahawani. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukiuziwa "mgebuka wa jana" katikati ya kipindi cha kufunga ziwa, muuzaji ana maswali ya kujibu.

Namba nne: maonesho na matamasha

Anayetafuta tamasha la vyakula vya baharini aende pwani. Huku samaki anakuja kwenye shughuli ya watu wengine. Kubwa kuliko zote ni maonesho ya wakulima ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, siku za mwanzo za Agosti. Mwaka 2022 na 2023 yalifanyika hapo kitaifa, na msongamano ulikuwa wa kitaifa vilevile. Mabanda ya chakula yanakaanga kutwa. Faida yake ni kwamba unaona na mabwawa ya mfano ya ufugaji, unaweza kuuliza vifaranga na chakula chake, kisha unakula. Hasara ni vumbi, foleni na bei ya maonesho. Siku ya kilele, tarehe 8, msijaribu kula hapo mchana na watoto wadogo. Nendeni siku mbili tatu kabla, tena na masweta, maana Agosti ya Mbeya jioni haina huruma.

Iringa kuna maonesho ya utalii ya Karibu Kusini, na Tukuyu kuna tamasha la ngoma za jadi la Tulia. Nendeni kwa ajili ya ngoma na maonesho yenyewe. Chakula kitakuwepo, ila usikifanye ndiyo safari.

Kuna na Kwaresima, ambayo haina jukwaa wala tiketi. Ijumaa Kuu nyama inawekwa pembeni kwenye nyumba nyingi, na samaki anapanda bei tangu katikati ya wiki. Ukitaka mkubwa wa Pasaka, muagize kwa mtu wako wa Kyela mapema, Jumatatu ya wiki hiyo.

Namba ya mwisho: "seafood" ya hotelini

Kamba wa barafu, kwa bei ya samaki watatu wa Matema. Kama bosi ndiye anayelipa, kula.

Ukitaka kurudi naye nyumbani

Nunua ufukweni asubuhi, mpasue na kutoa matumbo na mashavu hapohapo, msuuze, mpange kwenye deli lenye barafu chini na juu. Barafu itafute Kyela mjini unapokwenda, usiisubiri Matema. Kama huna deli, mkaangishe nusu, yaani akauke nje tu, umfunge kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa nailoni, maana jasho humlainisha na kumharibu kabla hujafika Tukuyu. Nyumbani utammalizia kwenye mafuta ya moto au kwenye rosti ya nyanya na vitunguu, na ndizi za Rungwe umezinunua njiani.