Haidromita ya mvinyo: uzoefu wangu wa miaka miwili hapa Bombo

Usiku ule chupa 11 zilipopasuka, mume wangu, ambaye ni mwanajeshi, aliamrisha watoto walale sakafuni kabla mimi sijafungua macho. Alidhani ni risasi. Asubuhi tulikuta stoo imejaa vipande vya chupa, ukuta unanata, na mvinyo wa nanasi niliowatengenezea watu wa harusi umemwagika. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa humo. Wiki hiyohiyo nilipanda teksi kwenda Kampala kununua haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye mvinyo. Nimeona niieleze hapa, maana akina mama wengi ninaowajua huku Luweero wanaotengeneza mvinyo wa matunda nyumbani bado wanaamua kwa ulimi.

Nami niliamua hivyo, kwa ulimi na kwa sikio. Bibi yangu kule Arua alipika kwete maisha yake yote. Aliinamia mtungi, akasikiliza. Ukinyamaza, alisema pombe imeiva. Kwa kwete, ambayo hunywewa siku zilezile, kusikiliza kunatosha. Mvinyo ninaoufunga kwa kizibo ukae miezi ni habari nyingine. Mtungi unaweza kunyamaza kwa sababu hamira imechoka, au baridi ya usiku imeilaza, na sukari bado imo. Ukishafunga chupa, joto likirudi, hamira inaamka, inakula ile sukari na kutoa gesi isiyo na pa kutokea. Wafaransa wa Champagne hufanya hivyo kwa makusudi: kila lita wanaiongezea kama gramu 24 za sukari kabla ya kufunga chupa, na presha yake hufika karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Lakini chupa zao ni nene, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Zangu nilizikusanya hotelini nikaziosha.

Haidromita yenyewe ni kitu cha kioo, kama kipimajoto chenye tumbo, kina uzito chini na karatasi yenye namba ndani ya shingo. Inaelea. Juisi yenye sukari ni nzito, hivyo inaibeba juu; sukari ikigeuka pombe, inazama. Kwenye maji matupu yenye joto la nyuzi 20 inasoma 1.000.

Ya kwanza niliuziwa shilingi 45,000 katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji. Nyumbani nikaitumbukiza kwenye maji safi, ikasoma 1.006. Kumbe karatasi ya ndani ilikuwa imeteleza. Nikairudisha, muuzaji akasema kioo kikishatoka dukani hakirudi. Iliniuma sana, maana nauli na siku nzima vilipotea pia. Ya pili nilinunua kwingine kwa 60,000, pamoja na silinda yake ndefu ya kupimia, na kabla ya kutoa pesa niliomba maji nikaipima palepale kaunta. Ilisimama kwenye 1.000. Hiyo ndiyo ninayotumia mpaka leo. Tafadhali, usilipe kabla hujaomba maji.

Faida niliyoiona kwanza ni kwenye sukari. Mananasi ya hapa, yakiiva mpaka harufu yake inajaa chumba, juisi yake kwangu husoma kama 1.050. Ukiiacha hivyo utapata mvinyo mwepesi wa asilimia 6 na kidogo, usiodumu. Mimi huipandisha hadi 1.090, na kwa lita 20 hiyo ni karibu kilo 2 na nusu za sukari. Zamani nilitia kilo 5 kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na jirani, na nilitumia hamira ya mandazi. Kilo 5 zinaifikisha juisi hiyo juu ya 1.120. Hamira ile ilikuwa inafanya kazi mpaka inaishiwa nguvu njiani, nami nikidhani imemaliza. Siku hizi natumia hamira ya mvinyo, na sukari ninayookoa kwa mitungi michache imeshalipa bei ya kipimo chote.

Kusoma namba kunataka subira. Mvinyo unaochachuka una gesi, na vile vipovu hung'ang'ania kioo kama mbegu za ufuta, vinakinyanyua. Ukisoma hapo utapata namba kubwa kuliko ilivyo. Mimi humimina sampuli kutoka kikombe hiki hadi kile mara kumi hivi, kisha naizungusha haidromita kwa vidole viwili, vipovu vinadondoka, nayo inashuka na kutulia. Halafu ninachuchumaa mpaka jicho lilingane na mvinyo. Kando ya kioo mvinyo hupanda kidogo. Usisome pale, soma usawa wa chini. Na kwa kuwa mchana hapa sampuli yangu hufika nyuzi 28, naongeza alama 2 kwenye sehemu ya mwisho ya namba: 1.088 naandika 1.090.

Kiasi cha pombe hupatikana kwa namba mbili, ya kwanza na ya mwisho. Nikianza 1.090 nikaishia 0.996, tofauti ni 0.094, nazidisha kwa 131, napata asilimia 12 na kidogo. Shemeji yangu aliwahi kuichovya kwenye waragi, pombe kali ya kukeneka, akitaka kujua ukali wake. Haikumwambia kitu cha maana, maana waragi una kipimo chake tofauti. Pia haidromita haikuonyeshi kama mvinyo umeingia siki, wala haichukui nafasi ya vipimo vya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwa anayetaka alama ya ubora aingize bidhaa yake madukani.

Kingine: ni nyepesi kuvunjika kuliko yai. Yangu inalala ndani ya soksi ya sufu, juu ya kabati, watoto hawafiki.

Ningeinunua tena hata kwa bei mara mbili. Sheria yangu sasa ni wiki 3 za namba ileile, tena iwe chini ya 1.000, ndipo nafunga chupa. Mtungi ulioko stoo sasa hivi umekwama kwenye 1.012 tangu Jumapili, na umenyamaza kabisa. Ukiweka sikio husikii lolote. Ssenga (shangazi) wa bibi harusi mmoja wa Wobulenzi amepiga simu mara tatu akiutaka kwa ajili ya Jumamosi. Nimemkatalia. Nimempa ule wa Desemba, uliotulia kwenye 0.996, chupa 24, na amekubali.